Marufuku ya Kujifungua

Nchi ninayoisimulia ipo, na kwa kuwa ipo sitaitaja. Ilikuwa na jina zuri tu, lakini Wizara ya Sifa ililichukua kulifanyia ukarabati na mpaka leo halijarudi. Sisi tunaiita nchi yetu, majirani wanaiita nchi ile, na barua zinafika.

Kabla sijafika mbali, msomaji ajue jambo moja. Kwingine watu hutii sheria, au hutii wakubwa, au hutii matumbo yao. Sisi tunatii maneno. Neno likishatoka kinywani mwa mkubwa halirudi wala haliulizwi maana. Linatekelezwa vile vile lilivyoanguka. Mwaka wa njaa, mkuu wa mkoa wetu alihutubia akasema umefika wakati wa kila mwananchi kufunga mkanda. Wiki ile ile polisi walipita nyumba kwa nyumba wakikagua viuno. Mama yangu, ambaye hajavaa mkanda tangu azaliwe, alijifunga kamba ya katani juu ya kanga, akasamehewa kwa onyo. Nayasema haya kwa fahari, maana sijasikia taifa jingine lililofika hapo.

Basi ukaja ugonjwa. Tuliuita Kikohozi, ingawa wapo waliokufa bila kukohoa. Ulikuja kwa ndege, umekaa kiti cha mbele, kooni mwa waziri aliyekuwa ametoka ng'ambo kutibiwa mafua. Rais wetu, ambaye alikuwa na vyeo vingi lakini alikuwa anatafuta kimoja zaidi, akatangaza kwamba nchi ameifunga, na kwamba tangu siku hiyo aitwe Mshika Ufunguo. Akatengenezewa ufunguo wa shaba, mrefu kama mwiko wa ugali, akauvaa kifuani. Akafunga mipaka, shule, masoko, nyumba za ibada na viwanja vya mpira. Kila kata ikapewa Afisa Kufuli. Wetu alikuwa Bwana Songoro, refa mstaafu wa ligi ya wilaya, aliyeripoti kazini na kufuli za serikali begani na filimbi yake ya zamani shingoni. Hakuwa mtu mbaya. Alipuliza kwanza, ndipo akafunga.

*

Nina dada anaitwa Sikudhani. Ndiye aliyenilea baba alipotutoka, akanifundisha kusoma kwa makaratasi ya sabuni. Nilipoanza kutunga mashairi alikuwa mtu pekee mtaani aliyenisikiliza mpaka ubeti wa mwisho, huku anachambua mchele, kisha akaniita Mshairi kwa sauti ambayo sikujua kama ananisifu au ananicheka.

Mume wake, Hamduni, anaendesha lori la masafa marefu. Wana watoto wawili. Yule wa pili alitolewa kwa kisu, na kidonda kilikawia kupona. Daktari aliyemshona alimweleza bila kuzunguka: tumbo lipumzike miaka, na ikija mimba nyingine asithubutu kusubiri uchungu nyumbani. Aje hospitali mapema apasuliwe tena, la sivyo kovu litaachia na damu itamwagikia ndani. Sikudhani aliyashika maneno hayo kama mtu anavyoshika njia ya kwao. Ilipofika tarehe ya sindano ya uzazi wa mpango, alikuwa wa kwanza kwenye benchi la kliniki, kabla hata nesi hajaja na funguo.

Kikohozi kilipopamba moto, Waziri wa Afya aliagiza kwamba kinga zote zilizoko nchini zipelekwe upesi kwa watumishi walio mstari wa mbele, nao wazivae. Alikusudia barakoa. Lakini katika zahanati zetu, tangu enzi za mabango ya ukimwi, kinga ni kitu kingine, na kila mtu mzima anajua kinavaliwa wapi. Watunza stoo wakatii. Katoni zikapakiwa malorini, zikasindikizwa na askari mpaka uwanja wa ndege, zikakabidhiwa maofisa wa uhamiaji, walio mbele kabisa ya nchi. Nao wakatii. Amri ilisema wavae. Haikusema wavae wapi. Wakavaa vidoleni. Balozi wa nchi moja tajiri aligongewa mhuri na mkono uliovaa kinga tano, akaandika kwao kwamba hajapata kuona taifa lenye tahadhari kama letu. Mtaani, tangu siku hiyo, hukuweza kupata hata moja ya kuonyeshea watoto.

Dada akasema haidhuru, yeye ana sindano yake. Nikamsindikiza kliniki, pale hospitali ya wilaya. Tukakuta kufuli ya serikali mlangoni, na nesi Domitila anachungulia dirishani.

"Huduma imehamishwa, dada."

"Imehamia wapi?"

"Wizara ya Mipango."

"Wizara ya Mipango wana sindano?"

"Mimi sijui. Agizo lilisema kila kitu chenye mpango kiende huko. Na huu si uzazi wa mpango?"

Tukaenda Wizara ya Mipango. Alitupokea mchumi mpole mwenye ramani ya taifa nyuma ya kiti. Akamkaribisha dada, akamuuliza mpango wake ni wa miaka mingapi. Dada akasema sindano ni ya miezi mitatu.

"Hapo tatizo," akasema mchumi. "Sisi hapa tunashughulika na mipango ya miaka mitano."

"Basi nipe ya miaka mitano. Hata mimi miaka mitano sitaki kuzaa."

"Sasa unaongea kama mwananchi mzalendo. Ila mpango unaoendelea ulishapitishwa na bunge, wewe haumo. Utaingia katika mpango ujao."

"Unaanza lini?"

"Ugonjwa ukiisha."

Dada alicheka njia nzima kurudi nyumbani, akawa anaiga sauti ya yule mchumi, mpaka tulipofika uani akakaa kwenye kigoda akaanza kuhesabu siku kwa vidole. Mwezi ule Hamduni alipita nyumbani na shehena ya mchele. Hakuwa ameonana na mkewe kwa muda mrefu, na alikuwa anaondoka kwenda mpaka ambao ulifunguliwa kupitisha lori lake, ukafungwa nyuma yake. Mengine si ya mtu kusimulia habari za dada yake. Itoshe kusema kwamba Mshika Ufunguo alifunga kila kitu nchini isipokuwa hicho kimoja.

*

Kufungwa kulipokaa muda mrefu, baadhi ya wilaya zilianza kuchoka. Wilaya ya Mbwera ikafungua soko lake la samaki kimya kimya. Jirani zake wakafungua mnada wa ng'ombe. Gazeti moja, ambalo halipo tena, likaandika kwa herufi kubwa: "Mbwera yajifungua." Mshika Ufunguo alilisoma wakati wa chai. Wanasema kikombe kilianguka. Jioni hiyo akaingia redioni.

"Nchi hii nimeifunga mimi," alisema, "na nitaifungua mimi. Nasikia wapo wanaojifungua huko mitaani. Kimya kimya. Bila haya. Wanajifungua hata kuniambia hawaniambii. Nauliza, nani kawapa ruhusa? Kuanzia dakika hii ni marufuku kujifungua. Awe wa mjini, awe wa shamba, awe mkubwa kiasi gani. Anayetaka kujifungua asubiri. Atafunguliwa na mimi."

Makofi yakapigwa studio. Nyumbani, Sikudhani alikuwa amekaa mkekani anamenya viazi, mguu mmoja kaunyoosha, tumbo limekuwa kubwa. Akaweka kisu chini.

"Mshairi, huyu ananisema mimi?"

"Anasema wilaya, dada."

"Mbona hakusema wilaya?"

Mama akadakia kutoka jikoni. "We menya viazi. Mtu mzima na akili zake hawezi kukataza wanawake wasijifungue."

"Mama," dada akasema, "ile kamba yako ya mkanda umeiweka wapi?"



Kesho yake Daktari Mkangamo, mganga mkuu wa hospitali yetu ya wilaya, aliamuru Wodi ya Kujifungulia ipigwe kufuli. Tusimdharau. Amesoma miaka mingi, na alijua vizuri kabisa Mshika Ufunguo alikuwa anazungumzia nini. Lakini kumwendea mkubwa na kumwambia neno lake lina maana mbili ni sawa na kumwambia kwamba lugha haikumtii. Daktari ana mke, ana nyumba ya serikali, ana gari lenye bendera ndogo. Akamwita Bwana Songoro, kufuli ikaletwa, filimbi ikapulizwa, kibao chenye maneno "Wodi ya Kujifungulia" kikafunikwa kwa shuka ili kisiwachochee watu.

Wanawake wakaendelea kuzaa majumbani, maana mtoto hana redio. Siku moja Bwana Songoro alifika kwa jirani yetu Mwanapili, akamkuta na kichanga mapajani.

"Umejifungua?"

"Mimi? Hapana, baba. Nimefungwa vile vile mlivyoniacha."

"Na huyu katoka wapi?"

"Amekuja."

"Mipaka imefungwa, mama. Amekujaje?"

"Si muulize mwenyewe, huyo hapo."

Songoro alimtazama mtoto. Mtoto akapiga chafya. Refa akarudi nyuma hatua kadhaa, akapuliza, akatangaza kwamba huyo ni mgeni aliyeingia nchini bila kibali na ana dalili, kwa hiyo akae karantini peke yake. Mwanapili akauliza atanyonya nini huko peke yake. Songoro akafikiri sana, akasema chakula cha wageni kiko chini ya Mambo ya Nje. Mwishowe walikubaliana karantini iwe kwenye kitanda cha mama. Songoro, ambaye ana wajukuu, alikuja kila asubuhi kukagua, akisimama mlangoni na kutazama dari. Si kila mama alimpata Songoro. Kata ya pili, wanawake wawili walizaa wamejifungia stoo bila mtu, wasisikike, na mmoja wao hakutoka humo kwa miguu yake.

*

Habari za namna hiyo zilipozidi, serikali yetu sikivu iliitisha Baraza la Lugha. Wataalamu walikaa hotelini, wakala, wakachambua hotuba neno kwa neno. Wakakuta tatizo lote liko kwenye silabi moja, yaani hiyo "ji." Msomi mmoja mzee akaeleza kwenye redio, taratibu, kama anayefundisha watoto: "Ji huonyesha kwamba mtenda anajitenda. Anayejifungua ni yule anayejifungulia mwenyewe, kwa uamuzi wake. Huyo ndiye aliyekatazwa. Lakini anayefunguliwa na mtu mwingine hajajifungua. Huyo kafunguliwa. Na hotuba imempa nafasi: atafunguliwa na mimi, kasema Mheshimiwa."

Hivyo ikawa sheria. Mwanamke azaaye kwa nguvu zake ni mkosaji. Apasuliwaye hana kosa, ila lazima idhini itoke kwa Mshika Ufunguo mwenyewe, maana ndiye aliyesema "mimi."

Sikudhani alisikiliza mpaka mwisho, halafu akapiga kofi pajani.

"Mnaona? Mtaa mzima ni wavunja sheria, isipokuwa mimi. Mimi si wa kujifungua. Mimi ni wa kufunguliwa."

Sikupata kumwona na furaha ile tangu tumbo lilipoanza kuonekana. Maana hofu yake haikuwa polisi. Hofu yake ilikuwa lile kovu. Asubuhi alikuwa akiliwekea kiganja, kama mtu anayesikiliza mlango. Tukaenda naye hospitali. Daktari Mkangamo alimpima, akasema kweli, huyu ni wa kisu, na mapema. Akapiga simu mkoani mbele yetu kuomba idhini. Mkoani wakasema watapeleka Ikulu. Tukatoka pale tunatabasamu kama wajinga.

Idhini haikuja. Nikarudi kwa daktari kumkumbusha. Akaniambia, "Kijana, Ikulu haikumbushwi. Ikikumbushwa inafikiri unasema imesahau." Nikarudi tena. Safari hiyo aliniangalia kwa huruma ya kweli, akasema angekuwa dada yake yeye, angefanya nini zaidi ya kusubiri? Nikamwambia angevunja mlango. Akasema nina damu moto, na kwamba mashairi ndiyo yanayoniharibu.

*

Uchungu ulianza asubuhi, kabla ya tarehe. Sikudhani alikuwa anafagia ua. Aliegemea ufagio, akasema polepole, "Mama, imeanza," na sauti yake haikuwa ya mtu anayeleta habari njema.

Hakukuwa na gari. Watu walikatazwa kusafiri; bidhaa ziliruhusiwa. Muuza maji wa mtaa wetu akashusha madumu yake, tukatandika godoro kwenye mkokoteni wake, dada akapanda, mama akamfunika kwa kanga mbili. Kwenye kizuizi cha barabarani askari akainua mkono.

"Mmebeba nini?"

"Mzigo," nikasema.

"Mzigo wa nini?"

Mama akajibu, "Mjukuu wangu. Bado uko kwenye kifungashio."

Askari alikuwa kijana. Akafunua kanga, akamwona dada amekunja uso na kuuma kidole, akafunika. Akasema bidhaa zipite.

Tulipofika, Wodi ya Kujifungulia ilikuwa na kufuli yake. Pembeni yake, chumba cha upasuaji kilikuwa wazi, taa zinawaka, vifaa vimechemshwa, maana ndicho walichokuwa wanakitumia kwa ngiri za waheshimiwa. Kutoka benchi tulilomlaza dada mpaka meza ile ya chuma, mtoto anayejifunza kutembea angefika bila kuanguka. Nesi Domitila akaja na bomba la kusikilizia mapigo ya mtoto, akainama tumboni.

"Anadunda," akasema. "Anadunda vizuri. Mwiteni daktari."

Daktari Mkangamo alikuja anakimbia. Nasema hivyo kwa haki, alikimbia kweli. Akapima, akanyanyuka, akapiga simu mkoani. Mkoani wakapiga Ikulu. Ikulu wakajibu kwamba Mheshimiwa amelala. Usingizi wake wa mchana ulikuwa umetangazwa kuwa huduma ya lazima, na aliyekuwa na mamlaka ya kumwamsha ni yeye mwenyewe.

"Tusubiri," akasema daktari. "Ataamka."

"Na hili je, litasubiri?" Domitila akaonyesha tumbo.

"Nesi, mimi nina macho."

Dada alikuwa bado na maneno. Uchungu ukimwachia anaongea. Akamwambia Domitila ana nywele nzuri, nani kamsuka. Akaniambia mimi, "Mshairi, ukikaa hivyo na hicho kidomo hutapata mke." Akamuuliza mama kama watoto wamekula. Uchungu ukimrudia ananyamaza, anashika ukingo wa benchi, vidole vinabadilika rangi. Mara moja alimshika daktari mkono wa koti.

"Daktari, wewe ndiye uliyenishona?"

"Hapana, mama. Ni mwenzangu, alihama."

"Alisema nisisubiri uchungu."

"Alisema kweli."

"Sasa mimi nafanya nini hapa?"

Daktari akatazama simu yake.

Hapo nikashika jiwe. Lilikuwa la kuzuilia mlango wa famasi. Nikaenda kwenye kufuli ya wodi nikaipiga mpaka ikakatika, mlango ukafunguka, vumbi likatoka, na vitanda vikaonekana vimejipanga na mashuka yake meupe. Sijui nilitarajia nini. Bwana Songoro alikuwa amefika, filimbi mdomoni, lakini haikulia. Daktari akaniambia kwa upole:

"Umefungua mlango, kijana. Mtu siwezi kumfungua kwa jiwe lako."

Nilikuwa bado nimelishika jiwe lile dada aliponiita. Hakupiga kelele. Alisema, "Imeacha."

"Nini kimeacha?"

"Uchungu. Umeacha kabisa."

Mama akasema alhamdulillahi. Domitila akasogea. Akaweka lile bomba tumboni, akalihamisha, akalihamisha tena, akabaki ameinama pale kwa muda ambao hakuna mtu aliyethubutu kuupima. Dada akaanza kutoka jasho. Paji la uso likawa baridi, midomo ikawa rangi ya majivu. Akasema ana kiu. Akasema tena ana kiu. Domitila akamgeukia daktari, na nesi huyu ambaye miaka yote alimwita mkuu, akamwambia, "We Mkangamo, kovu limeachia. Mpeleke mezani."

Daktari Mkangamo alitia mguu mmoja ndani ya chumba cha upasuaji. Nilimwona. Mguu mmoja ulikuwa ndani, mmoja nje, mkono mmoja umeshika simu.

Na hapo ndipo redio ya mapokezi ilipokatiza muziki.

Mshika Ufunguo alikuwa ameamka. Alikuwa ameamka na furaha, kalala vizuri. Alisema amesimuliwa jambo na wasaidizi wake, naye hajacheka hivyo tangu utoto. "Eti wanawake hawazai, kwa ajili yangu," alisema. "Mimi nilikuwa nazungumza habari za Mbwera, bwana. Soko la samaki. Nani huyo mwenye akili aliyedhani nakataza mama zetu wasijifungue? Jamani, jifungueni." Akacheka. Studio ikacheka. Mapokezi wakacheka, walinzi wakacheka getini, na nasikia nchi nzima ilicheka siku ile, hata walio karantini. Daktari Mkangamo alicheka kuliko wote, machozi yakamtoka, akatupa simu mfukoni akapiga makofi: "Haya, haya, ndani, upesi, mbebeni."

Tukambeba. Meza ilikuwa karibu kama nilivyosema. Domitila alikuwa ameshika mkono wake, na tulipomlaza aliendelea kuushika, halafu akauweka juu ya lile tumbo, akachukua mkono wa pili akauweka juu ya wa kwanza, akavuta kanga mpaka ikamfunika uso.

*

Hamduni alipiga simu kutoka ng'ambo ya mpaka. Alikuwa amesikia hotuba kwenye redio ya lori, na madereva wenzake walikuwa wanamtania.

"Shemeji, vipi, kajifungua?"

"Hapana, shemeji."

"Bado tu?"

 Nilisikia injini za malori nyuma yake, na watu wanacheka, kisha nikasikia anawaambia wanyamaze.

Serikali haikutusahau. Jioni ile ile Wizara ya Sifa ilituma ujumbe kupitia kwa Bwana Songoro. Imegundulika, ulisema, kwamba katika wilaya nzima marehemu Sikudhani ndiye mwanamke pekee mwenye mimba ambaye muda wote wa marufuku hakujifungua, wala hakufunguliwa bila idhini. Kwa hiyo ametunukiwa nishani ya Raia Mtiifu. Songoro aliusoma ujumbe huo amesimama uani kwetu, kofia kwapani, na kila alipofika kwenye jina la dada alirudi akaanza upya. Alipomaliza akanisogelea.

"Wewe si ndiye unayetunga?"

"Ndimi."

"Wizara inaomba beti chache. Za utiifu wake. Zisomwe redioni."

Nikamwambia, "Mzee Songoro, dada yangu hakuwa mtiifu. Alikuwa anasubiri daktari."

Akaitikia kwa kichwa. Nishani akaiweka juu ya kigoda, akaifunika kwa kofia yake, akaondoka bila kofia.

Tulimzika kesho yake. Kwa ajili ya Kikohozi, makaburi yalikuwa na kipimo cha serikali, membamba, ili ardhi isiishe, na Afisa Kufuli alikuwa na fimbo ya kupimia. Kwetu wanawake hawaendi makaburini kuzika. Mama alikuja. Alitembea nyuma ya jeneza, mtoto bado yumo tumboni mwa mama yake, na hakuna mwanamume aliyepata ujasiri wa kugeuka na kumwambia arudi. Alipofika akasimama ukingoni, akatazama shimo.

"Chimbeni pana," akasema.

Wachimbaji wakatazamana. Mmoja akasema, "Mama, kipimo ndicho hiki. Ni cha mtu mmoja."

"Nimeleta wawili."

Bwana Songoro alikuwa na fimbo yake. Akaitazama, akatazama jeneza, akatazama wale watu na majembe yao. Kisha akaenda akasimama mbali, ametupa mgongo.

"Chimbeni pana," mama akasema tena, bila kuinua sauti.

Wakarudi shimoni. Udongo ulikuwa mgumu, ikachukua muda, na mama hakukaa chini. Alisimama pale anawaonyesha kwa mkono, bado, bado kidogo, mpaka upande wa kushoto ukawa na nafasi ya kutosha mwanamke kulala na mtoto wake ubavuni.